Pacha Aliyebaki

Ndani ya lori la Geita nilikalia gunia la chumvi. Mbele yangu mwanamke aliyeitwa Anisia alimpakata mtoto mchanga, furushi lake la nguo likiwa miguuni, na bibi mmoja Msukuma, aliyekutana naye humo humo, alimuuliza kama ni wake.

"Mama yake alifariki akijifungua, bibi, na pacha mwenzake akamfuata. Padri amenipa nimlee."

"Mume unaye?"

"Yupo Marcel wa mgodini, anataka kunioa. Lakini amesema pacha asiyechezewa ngoma ya mapacha, ile ya kuondoa mkosi, hatalala nyumbani mwake."

"Mchezee basi, mwanangu."

"Padri amesema huo ni upagani, nikiicheza atamchukua mtoto."

Bibi akatema mate nje. "Wanaume wawili, na hakuna aliyewahi kumbadilisha mtoto nepi."

"Umri umekwenda, bibi. Nani mwingine atanitaka?"

Mimi nikatazama mbuga, kama vile nimeulizwa mimi.

Lori liliposimama Kalangalala, mjini Geita, mwanamume mwenye viatu vya mgodini alikuwa anangoja. Anisia akamweka mtoto mapajani mwa bibi.

"Nishikie kidogo, nikamsalimie."

Akashuka. Nikatazama pale alipokuwa ameketi. Furushi lake alikuwa ameshuka nalo.