Kura ya Kumng'oa Gavana

"Mimi ndiye niliyemchagua huyu gavana, na leo mimi huyohuyo nimepiga kura ang'oke!" Lavonne alimtangazia mzee wa kofia ya kijani aliyekaa naye kwenye basi la Milwaukee, huku akikipigapiga kibandiko cha "Nimepiga Kura" kifuani.

Mzee, ambaye hata hakumjua, alitafuna jibini yake taratibu. "Hajafika hata nusu ya muhula, mama. Kwani kaiba?"

"Hajaiba. Aliahidi hivi, akafanya vile. Tumefunga naye ndoa?"

"Basi kila mwaka tutakuwa tunang'oana tu."

"Tutang'oana mpaka washike adabu!" Abiria wa nyuma wakacheka, na Lavonne akavimba kichwa kama vile ameshaapishwa yeye.

Mzee akavuta kamba ya kengele. "Leo sikuwa na mpango wa kupiga kura. Lakini kituo changu cha kupigia kura ni kanisa lile pale. Naenda kupiga ya kumbakiza, niifute yako."

Basi liliposimama, Lavonne alikuwa keshashika simu, akipiga kelele mpaka dereva akageuka: "Delbert, mume wangu, umeshapiga kura? Basi amka kwenye hilo kochi, vaa viatu!"