Bi. Bernadetha Likiliwike na Mjukuu Aliyeng'olewa

Tarehe 30 Juni 1998, Bi. Bernadetha Likiliwike anastaafu baada ya kukitumikia kituo chetu cha mpunga hapa Ifakara kwa miaka ishirini na tisa. Alianza kama kibarua wa kufukuza ndege shambani, kazi ya kupiga debe na kupiga kelele. Walioanza naye wanasema yeye debe hakulihitaji. Leo anaondoka akiwa fundi mkuu wa uchavushaji, na sauti bado anayo.

Kwa wageni wetu wasioijua kazi hiyo: ua la mpunga lina dume na jike ndani ya ganda moja, kwa hiyo hujioa lenyewe kabla mtu hajamaliza chai ya asubuhi. Bi. Bernadetha huliwahi. Hukata ncha ya ganda kwa mkasi mdogo, hutoa madume yote sita kwa kibano, kisha hulifunika shuke kwa mfuko wa karatasi. Jua likipanda, huleta chavua ya bwana harusi aliyemchagua yeye. Ni ndoa nyingi sana, na Padri hajawahi kuulizwa hata moja.

Karibu na geti aliotesha kitalu ambacho sote tunakiita cha ukoo. Kuna mpunga, mahindi, mtama, muwa, matete na mwanzi, na pembeni kabisa ndago, ambayo mkulima yeyote angependa isiwe ndugu wa mtu. Wataalamu huiweka mimea hiyo yote katika oda moja, yaani wana babu mmoja wa zamani mno. Diwani mmoja aliapa mbele ya watu kwamba mwanzi ni mti. Bi. Bernadetha alimwambia asubiri uchanue, ajionee mwenyewe ua la nyasi. Mwanzi huweza kukaa miaka mingi bila kuchanua. Mheshimiwa bado anasubiri.

Lakini swali lililomnyima raha lilikuwa la ndugu wawili wa karibu zaidi: supa, mpunga tunaoula, ambao asili yake ni Asia, na mpunga pori, mwenyeji wa bonde hili tangu kabla ya jembe. Wakati ule ugonjwa wa njano ulikuwa unamaliza mashamba kuanzia huku hadi Mngeta, na mpunga pori ulisimama kijani katikati yake kama hauhusiki. Dk. Evarist, mtafiti wetu wa vinasaba, alitaka kujua: je, undugu huu bado unatosha kuzaa mtoto, ili supa ipate kinga ya shemeji yake? Msimu baada ya msimu Bi. Bernadetha aliwaoza, na kila mara mimba iliharibika. Hatimaye kiinitete kimoja kilitolewa mapema, kikalelewa kwenye chupa kwa sukari na maji ya dafu. Masika ya mwaka 1995 kikapandwa shambani. Mche mmoja tu. Kituo kizima kiliuita mjukuu.

Mafuriko yakasomba kibao chake cha alama. Jumamosi moja Bi. Bernadetha alikuwa anapalilia huku amechelewa mazoezi ya kwaya. Mkono wake unautambua mpunga pori hata akiwa anaimba, na siku hiyo ulifanya kazi yake yote. Tena, kwa haraka, alivunja sheria aliyotufundisha mwenyewe: magugu ya mpunga pori yapelekwe barabarani yakaukie huko, yasiachwe kwenye tuta, maana yakipata unyevu huchipua tena. Aliyatupa kwenye tuta, akaenda kuimba.

Jumatatu Dk. Evarist alisimama mbele ya nafasi tupu.

"Mama, mjukuu yuko wapi?"

Bi. Bernadetha aliitazama ile nafasi, kisha akaitazama mikono yake. Mashimba, fundi wetu wa maksai, alikuwa anapita na wanyama wake.

"Mayu," akasema, akimwita mama kwa heshima zote za Kisukuma, "wenzako hupalilia majani. Wewe umepalilia familia!"

"Mashimba, hao ng'ombe wako wakigusa tuta lile, leo tunakula nyama!"

Tulicheka sote isipokuwa wawili. Bi. Bernadetha alishuka kwenye tuta, akapiga magoti kwenye lile rundo lililokauka, akawa anaosha shina moja moja kwenye ndoo. Alikuwa na tabia ya kufunga uzi mwekundu chini kabisa ya kila mche wake, mahali ambapo tope huuficha. Ndoo ilichafuka, ikabadilishwa, ikachafuka tena. Kisha uzi ukaonekana. Majani yalikuwa yamekufa. Lakini chini ya uzi, ndani ya tope, palikuwa na shina jeupe limelala, na ncha yake imeanza kuchipua.

"Daktari, njoo uone. Supa haina kitu hiki."

Dk. Evarist alichuchumaa, akaligusa lile shina kwa kidole.

"Hiki ni cha baba yake, mpunga pori," alisema. "Na kama wewe mwenyewe umemng'oa ukidhani ni gugu, Mama, basi sihitaji ushahidi mwingine."

Angelipeleka gugu barabarani kama sheria inavyotaka, tusingekuwa na hadithi. Mjukuu sasa ana kitalu chake. Punje anazotoa ni chache na nyingi ni makapi, lakini chavua ya supa imeshapelekwa kwake tena, na vitukuu viwili vimepita msimu wa ugonjwa bila doa la njano. Viwili havitoshi kushangilia. Vinatosha kuendelea.

Bi. Bernadetha anarudi kwao Lupiro kulima. Aliomba kipande cha lile shina jeupe kama ukumbusho. Majirani wa shamba lake wasingetusamehe, hivyo tunampa baiskeli.

Asante, Mama, kwa mikono yako. Mungu akujalie mvua za wastani na afya ya kuzifaidi. Njoo umwone mjukuu siku yoyote upendayo. Kiti kitakuwepo, na chai itakuwepo. Jembe tu ndilo litakalokuwa limefungiwa stoo.