Honi ya Pale Kwenye Uzio

Fundi cherehani alikuwa anasinzia kwenye behewa la mbele la treni, ila muuza magodoro aliyeketi mkabala naye alimkatisha usingizi kuliko honi yenyewe.

"Dada yangu, hii treni inatunyanyasa," alikuwa akimlalamikia muuguzi aliyekutana naye humo humo. "Mtaani kwetu inapiga honi kama ina ugomvi na sisi. Mtoto akipitiwa na usingizi tu, hiyo!"

"Pole, kaka. Lakini si inawapigia wanaokatiza relini?"

"Sasa tupite wapi? Kivuko kiko mbali. Waya wa uzio nimeukata mwenyewe, mtaa mzima unanishukuru."

Fundi akauma midomo asicheke. Mfadhili wa mtaa, kumbe!

"Kwa hiyo dereva anyamaze?" muuguzi akauliza.

"Anyamaze! Kwani sisi hatuna macho?"

Treni ikasimama. Mwenye macho akashuka, simu sikioni, akaelekea kwenye tundu lake la uzio, mbele ya treni. Treni ilipoanza kuondoka, yeye ndiyo kwanza anakanyaga reli. Honi ikalia. Akaruka pembeni, simu ikamponyoka, akamkunjia dereva ngumi.

"We mshenzi! Si upige mapema?"