Malka ya Baba Yenu

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Harrison usikae hapo mlangoni kama mtu mwenye safari. Sikilizeni, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kusema, si ya kubembelezana. Charity, mkaza mwanangu, ondoa uji huu. Tangu uolewe hapa uji wako haukuwa na ladha, nami nikaunywa bila kunung'unika, lakini wiki hii umejaa sukari mpaka midomo inanata, na mtu akiniongezea utamu bila kuombwa huwa najiuliza anataka nini. Sijasema mnanilisha sumu. Nasema nina macho.

Na macho haya yameona matope. Harrison, unaniambia kila siku umetoka Garsen kwa shughuli zako. Barabara ya Garsen sasa ni vumbi tupu, lakini miguu yako inarudi na udongo mweusi wa ukingo wa mto. Na ile migomba michanga iliyokuwa nyuma ya jiko imekwenda wapi? Migomba haina miguu. Haya, nitarudi hapo.

Nianze na baba yenu, kwa sababu mali ni yake, mimi nilikuwa mlinzi tu. Barnabas alinipenda waziwazi, hata wanaume wenzake wakamcheka. Tukipika kambare alinisukumia kichwa, akisema yeye hakipendi, na miaka yote ile nilijua kwamba ndicho alichokipenda kuliko mnofu. Mto ukijaa aliwavusha wajukuu kwa mtumbwi kwenda shule huku akiwaimbia, na sauti yake mnaijua, hata viboko walihama. Mtoto akilia yeye aliacha kula. Nimemkosa. Nasema wazi nimemkosa, na sioni haya.

Lakini alikuwa na siri. Kila mafuriko yalipopungua alichukua jembe, akaondoka, akarudi jioni amechoka, wala hakuleta hata kitita cha mchicha. Nikasema moyoni, mume huyu ana shamba jingine, na shamba lenyewe linavaa leso. Mimi si mtu wa kuulizauliza. Nikabeba kikapu, nikamfuata. Nikamkuta kwenye malka, ile njia inayopita kando ya shamba letu, ng'ombe wa Waorma wanaposhuka kunywa maji. Alikuwa anachimba ukingo, anaulaza taratibu, ili ndama washuke bila kuvunjika miguu. Ng'ambo ya njia Halake, mwenye ng'ombe, alikuwa anakata miiba. Hawakuwa wanaongea. Mwanamke sikumwona, nikachuma mboga nikarudi nyumbani.

Kijijini walisema Waorma wamemhonga fahali ili awaachie njia. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja; wazee wa gasa, baraza letu, wakamwita, akakaa kimya. Nami nilimtafuta fahali huyo kila mahali, sikuona hata mkia. Kilichokuwapo ni hiki, na wewe Harrison ukae chini ukisikie. Mwaka uliozaliwa wewe niliugua homa, maziwa yakakauka, ukawa unalia sauti ya paka. Darmi, mke wa Halake, alikuja kila alfajiri na kibuyu cha maziwa, akipita katikati ya mahindi yetu, na hakukubali kupewa hata ndizi moja. Ulipoota meno, baba yenu aling'oa mahindi yake mwenyewe, akasema: alipopita Darmi watapita na ng'ombe wake, njia hii haizibwi. Hakukwambia, kwa sababu hakutaka mtoto akue akijiona anadaiwa. Nami ningenyamaza, kama miguu yako ingekuwa safi.

Ikaja mvua ile ya El Nino. Maji yalipoondoka ukingo ulikuwa umekatika wima kama ukuta, na baba yenu akikohoa vile alishika jembe akaenda kuulaza tena. Alirudi na homa, Pasaka hakuiona. Akaagiza tumzike ukingoni mwa malka, si makaburini pa kanisa, na ninyi mkatazamana. Gershom, wewe ulisema mzee anaweweseka. Mimi nilidhani bado ananificha jambo. Sasa nimelala hapa miezi, kazi yangu ni kufikiri tu, nami nimemwelewa.

Mtumbwi ni wa Gershom, na auzibe ule ufa kabla hajauringia. Shamba la mpunga ni la Iha, na asije mtu hapa kumwambia binti harithi. Nyumba hii na shamba la mtoni ni vya Harrison, mpaka malka, na malka haimo. Sisemi wana wa Halake ni malaika. Nawaangalia hao kama ninavyowaangalia ninyi. Ng'ombe akiingia kwenye mahindi, nendeni mkaseme na mwenyewe kwanza, msikimbilie kuita vijana wa mapanga. Siku hizi watu wanatazamana vibaya huku mtoni, na moto ukiwaka hauulizi Mpokomo ni nani na Mworma ni nani. Jembe la baba yenu nalo ni la Harrison. La kulazia ukingo, si la kupandia migomba njiani mwa ng'ombe. Leo hii, kabla jua halijazama, ukaing'oe.

Usiniapie. Kiapo cha mtu mwenye matope miguuni sikitaki.

Niinueni kidogo... Hapo. Mimi mtanizika malkani, ng'ambo ya njia, tuelekeane na baba yenu, njia ipite katikati yetu. Yeye peke yake mngemzunguka, mkasema shamba linaendelea upande wa pili. Mpaka wa miti mtausogeza, nawajua, nimewazaa. Sasa anayetaka kuiziba njia ile aanze kumlima mama yake.

Msinililie kwa kelele. Mwacheni Darmi aje, na msimkalishe nje. Iha, leso yangu ya kijani... mpe yeye. Mungu awape mvua ya kiasi, awape watoto wanaosikia, asiwanyime... asiwanyime jirani. Mkigombana, mgombane mchana, mlale mmepatana. Charity, mwanangu, lete... lete huo uji, nionje tena. Ni mtamu. Ulikuwa mtamu tu... basi.

Baraka za baba yenu ziwe... kichwani pa kila mmoja... Harrison. Mbona bado nakusikia hapa? Jembe liko nyuma ya mlango.