Fundi Aliyelaza Alumini

Usiku wa kuamkia tarehe 14 Machi, ndugu walikesha hospitalini wakingoja habari za marehemu, na marehemu mwenyewe alikesha akingoja habari za tanuri. Kila muuguzi aliyekuja kumpima presha aliulizwa kama karakana imepiga simu. Mpwa wake, aliyemfundisha kazi kwa mkono wake, alikuwa ameachiwa tanuri peke yake kwa mara ya kwanza. Ndani mlikuwa na mikono ya viti vya magurudumu, na mwenye karakana alishasema kwamba ikitoka laini, binti atarudi kufagia.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1961, kifungua mimba wa fundi chuma na mshona nguo. Alisoma hadi darasa la saba, kisha akafuata kazi ya baba yake. Huko alizoea kwamba chuma kikiiva huwa chekundu. Ndiyo maana mwaka 1983, alipoajiriwa kwenye karakana ya alumini, siku ya kwanza alikaa mbele ya tanuri akingoja alumini iwe nyekundu. Iliyeyuka ikamwagika sakafuni kama uji, nyeupe vilevile. "Hii imeondoka bila kuaga," alimwambia msimamizi. Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini. Yeye akahamia kwenye kipimajoto, hakukiacha tena.

Hapo ndipo alipoipenda kazi. Akiieleza, hakuweza kutulia kitini. Alumini tupu ni laini, alisema, lakini itie shaba kidogo, ipashe moto mkali, na shaba itapotea ndani yake kama sukari kwenye chai. Itoe, izamishe majini papo hapo, shaba isipate nafasi ya kujikusanya. Bado ni laini, unaikunja utakavyo. Sasa ilaze, yaani iache itulie yenyewe, au kwa moto mdogo ukiwa na haraka. Ikiwa imelala, shaba hujitokeza kwa punje zisizoonekana kwa macho, zikashikilia kila mahali, na alumini yote ikakaza! Wateja waliohangaika aliwaambia, "Iache ilale," wakamwita Bwana Ilale. Mpwa wake aliwahi kumuuliza mbona basi wajomba wanaolala sana hawakazi. Alijibiwa kwamba hata alumini ikilala kupita kiasi hulegea.

Alifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1988. Wiki hiyohiyo bibi harusi alifungua friza akakuta, kando ya nyama, kifuko cha misumari ya ribiti, ya alumini, ya kuunganishia mabati. Aliombwa asiitoe: ilikwisha kuzamishwa majini, na ikikaa nje italala na kukaza kabla haijagongwa. Akauliza, na humo ndani je?

"Humo kuna baridi, mke wangu. Nani atalala?"

Misumari ikapewa rafu yake. Walijaliwa watoto wawili.

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Dada yake, mama wa mpwa huyo, aliyekuwa akimkagua binti vidole kila jioni kuona kama vimeungua, alimsihi amtoe kwenye moto. Alikataa. "Mdogo wangu, mkono wake ni mwepesi kuliko wangu. Kutoka tanurini hadi majini hujamaliza kupumua."

Alfajiri ile mlango wa wodi ulifunguka. Mpwa aliingia na viatu vya kazi, ameshika kipande cha jaribio, akasema mashine ya kupima ugumu imekipitisha. Marehemu aliomba kijiko cha chai, akagonga nacho kile kipande. Kililia mlio mrefu hadi wagonjwa wa jirani wakageuka.

"Imelala vizuri," alisema. "Tanuri ni lako, mama."

Alifariki kesho yake mchana, na hakuondoka bila kuaga.

Ameacha mjane, watoto wawili, dada mmoja, na mpwa ambaye Jumatatu asubuhi atafungua mlango wa tanuri. Leo tunasema amelala, na kwake yeye kulala kulikuwa ndiko kukaza.

Alale kwa amani, aamke imara.