Dorine Awiti Gachau, Mama wa Pazia (1966–2025)

Mama tunayemlaza leo Ijumaa, tarehe 22 Agosti 2025, katika shamba hili la Gatuanyaga, hakupenda hotuba ndefu. Alikuwa akisema kwamba mtu mwenye jambo la maana ataliimba. Wasifu huu unasomwa na wifi yake, Nyawira, ambaye hajui kuimba hata kidogo, kwa hivyo mtamvumilia.

Dorine Awiti alizaliwa tarehe 9 Aprili 1966 katika kambi ya wafanyakazi wa shamba moja la kahawa huko Ruiru. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu Mzee Dalmas Owino na marehemu Mama Dorsila Apiyo, waliokuwa wametoka Ugenya kuja kutafuta kazi. Mzee Dalmas alisimamia mashine ya kumenya kahawa, na jioni alipiga akodioni yake mlangoni. Mama Dorsila alifua na kupiga pasi katika nyumba ya mama mmoja Mzungu, na humo ndimo yalimoanzia haya yote.

Katika nyumba hiyo Wazungu wa Ruiru na Thika walikuwa wakikutana kufanya mazoezi ya michezo yao ya kuimba, ile ambayo hadithi nzima huimbwa, kuanzia salamu hadi ugomvi. Dorine alikuwa na umri wa miaka minane. Alichungulia kutoka jikoni akaona watu wazima wenye heshima zao, mmoja wao karani wa benki, wamevaa kofia za manyoya na wanaimbiana. Jioni hiyo, nyumbani kwao, hakuomba chumvi kwa kusema. Aliiomba kwa kuimba. Mama yake akamwambia aache upuzi ale. Akaiomba tena, sauti ikiwa juu zaidi. Mwishowe Mzee Dalmas akavuta akodioni akamjibu kwa wimbo kwamba chumvi imeisha, aende kwa jirani. Dorine akaenda kwa jirani, na huko pia akaimba. Alirudi na chumvi.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo shambani kuanzia mwaka 1973 hadi 1979, kisha akajiunga na shule ya sekondari mjini Thika, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1983. Ripoti zake za shule zilisema kwamba anapiga kelele darasani. Yeye mwenyewe alikanusha jambo hilo maisha yake yote, akisema walimu wale hawakuweza kutofautisha kelele na sauti ya pili.

Mwaka 1985 aliajiriwa katika kiwanda kimoja cha nguo mjini Thika, akawa mshonaji kwa miaka kumi na sita hadi kiwanda kilipofungwa. Baadaye alifungua kibanda cha kushona sare za shule Makongeni, na wengi wa watoto mnaowaona hapa leo walivaa sweta zilizopitia mikononi mwake. Huko kiwandani ndiko alikokutana na fundi wa cherehani, kijana mpole asiyependa maneno mengi, Stephen Gachau Macharia. Cherehani ya Dorine ilikuwa ikiharibika kuliko za wenzake wote. Gachau hajawahi kuieleza familia ni nani kati yao aliyekuwa akizilegeza zile skrubu.

Habari za uchumba wao zilipofika hapa nyumbani, mama yetu Wakonyo, aliyemzaa Gachau, aliuliza swali moja tu: huyo msichana wa kutoka Ugenya anajua kulima? Akaambiwa anajua kuimba. Hata hivyo walifunga ndoa kanisani tarehe 15 Desemba 1990, na Mungu akawajalia watoto watatu: Becky Wakonyo, Macharia na Lynn Apiyo. Mama Wakonyo alianza kulainika alipopewa mjukuu mwenye jina lake, na kufikia wa tatu alikuwa akimwita Dorine binti yake mbele za watu.

Mwaka 2004 Dorine alianzisha Chama cha Michezo ya Kuimba cha Thika na Ruiru. Alikianzisha na wenzake wa zamani wa kiwandani pamoja na waimbaji wachache wa kwaya za kanisa. Kila mmoja alikuwa na kazi yake ya mchana: walimu, wauza mitumba, askari wa lango, wauguzi. Nzioki, mwendesha bodaboda wa Ngoliba, alisikiwa na Dorine akijiimbia huku akingoja abiria. Dorine akapanda pikipiki yake, akamwelekeza hadi mlangoni pa ukumbi wa mazoezi, akashuka, akamshika mkono akaingia naye ndani. Nzioki hajatoka mpaka leo.

Mazoezi yalikuwa Jumanne Ruiru na Alhamisi Thika, na Dorine alikuwa mkali. Sheria ya chama ilikuwa moja isiyo na mjadala. Aliyechelewa hakuomba msamaha wala hakueleza mambo ya mvua na foleni. Alisimama mbele ya wenzake akaimba kwa nini amechelewa, kisha akakaribishwa na hakuna aliyelitaja tena jambo hilo. Watu waliimba habari za ng'ombe waliopotea na bosi asiyewaachilia. Nzilani, mwalimu mwenye sauti ya kwanza, aliwahi kuimba hivyo habari za kufiwa na baba yake, na ndivyo chama kilivyojua. Dorine alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga mazoezi, akaenda naye kwao.

Mchezo wao wa kwanza, *Posa*, ulionyeshwa Aprili 2005 katika ukumbi wa kanisa Makongeni. Gachau, ambaye haimbi, alipewa kamba ya pazia. Aliivuta mapema. Watu wakamwona bibi harusi amevaa malapa, na baba yake akiwa bado anahangaika na vifungo vya suruali. Baada ya siku hiyo Dorine alimwambia, "Baba Becky, hutaivuta tena hiyo kamba mpaka nikuguse." Tangu hapo, kwa miaka ishirini, hakuna pazia la chama hicho lililofunguliwa kabla Dorine hajapita nyuma ya wachezaji wote, akanyoosha kola hapa, akafunga kitambaa pale, akafika kwa mumewe na kumgusa bega mara mbili. Gachau husema hakuna mahali pengine duniani alipokuwa na furaha kama pale gizani, ameshika kamba, akisikia hatua zake zinakuja.

Mama Wakonyo alikuja kuutazama mchezo huo wa kwanza ili ajue mke wa kijana wake anapotelea wapi Jumanne na Alhamisi. Kulikuwa na tukio la ruracio, sherehe ya kupeleka mahari, wageni wameketi mezani wanaimba huku sahani zikiwa tupu. Mama alivumilia beti mbili, kisha akasimama hapo kiti cha mbele. "Hawa wageni wametoka mbali na hawajapewa chakula," alisema. "Hii ni ruracio ya wapi?" Kesho yake, onyesho la pili, aliteremka kutoka Gatuanyaga na sufuria ya mukimo wa viazi na mahindi ya kuponda, akaipeleka mwenyewe jukwaani. Wachezaji walikula kweli kweli. Kuanzia siku hiyo kila mchezo wa Dorine ulikuwa na watu wanaokula mahali fulani, na aliyepika alikuwa mama mkwe wake.

Mnamo Februari 2024 sauti ya Dorine ilianza kukwaruza. Alidhani ni vumbi la vitambaa. Baada ya vipimo madaktari walisema ni saratani ya koo, na mwezi wa Mei alifanyiwa upasuaji uliookoa maisha yake kwa muda na kumwondolea sauti kabisa. Jamani, tulilia. Mungu ana njia zake, lakini njia hii ilituuma na bado inatuuma. Alipotoka hospitalini alichukua akodioni ya marehemu baba yake, akaenda mazoezini Alhamisi hiyo hiyo. Kuanzia hapo alitoa noti kwa akodioni na kukemea kwa macho. Wenzake wanasema alikuwa mkali zaidi.

Katika miezi hiyo ya kimya aliandika mchezo wake wa mwisho, *Binti Aliyeomba Chumvi*. Mnaujua sasa ulitoka wapi. Binti yake Becky ndiye aliyepewa sehemu ya yule mtoto, na Nzioki sehemu ya Mzee Dalmas. Ulipangwa kuonyeshwa Jumamosi tarehe 12 Julai mwaka huu. Siku chache kabla ya hapo Dorine alizidiwa, akalazwa.

Chama kilikutana. Nzilani alisema hawezi kuimba huku kiti cha Dorine kikiwa wazi. Wengine wakasema hivyo hivyo. Gachau akasema hatavuta kamba bila kuguswa bega. Mchezo ukaahirishwa hadi tarehe 2 Agosti, na tarehe 2 ilipofika wakausogeza hadi 23. Wote walidhani kungoja ndiko kumpenda. Lakini Dorine hakutaka kungojwa. Kila aliyeingia wodini aliulizwa jambo moja, kwa mikono miwili iliyoshikana kisha ikaachana polepole, kama pazia. Mmefungua? Nao wakamjibu, bado, tunakungoja upone. Akageuza uso ukutani. Wageni walifikiri ni maumivu.

Jumatano tarehe 13 Agosti, saa ya kuona wagonjwa, Gachau alikuwa ameketi kando ya kitanda akimmenyea chungwa. Dorine aliuinua mkono, na wakati huo kuuinua mkono ilikuwa kazi kubwa, akaufikisha kwenye bega la mumewe. Akamgusa mara mbili. Gachau alijua mara moja anaambiwa nini. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angejua vizuri zaidi.

"Bado, Mama Becky," alimwambia. "Pona kwanza. Tutafungua tukiwa na wewe."

Akamgusa tena. Gachau akaushusha mkono ule, akaushika kwa mikono yake yote miwili, akamwambia kwamba tarehe 23 si mbali. Dorine alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akafumba macho, jinsi alivyokuwa akifanya mazoezini mtu alipokosea noti na yeye ameamua kutomkemea. Alifariki alfajiri ya Alhamisi tarehe 14 Agosti 2025, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa.

Katika vikao vya mipango ya mazishi, Gachau alikaa siku mbili ameinamisha kichwa. Watu wa chama walipouliza kwa upole kama watangaze kwamba mchezo umefutwa, ndipo alipoinua kichwa.

"Haujafutwa," alisema. "Tunamzika Ijumaa. Jumamosi tunafungua."

Shangazi mmoja alimwambia, "Baba Becky, watu watasema aje? Leo matanga, kesho michezo?"

"Wacha waseme."

Nzilani akamuuliza ni nani atakayemgusa bega.

"Nilishaguswa," Gachau alisema. "Niliguswa Jumatano. Mimi ndio nimechelewa, na kwa hicho chama mtu akichelewa anajua chenye anafanya."

Dada yake, huyu anayewasomea, alimwambia, "Lakini wewe hauimbangi."

"Najua," akajibu.

Kwa hivyo familia inawatangazia nyote kwamba kesho Jumamosi, saa tisa alasiri, katika ukumbi wa kanisa Makongeni, *Binti Aliyeomba Chumvi* utaonyeshwa. Macharia atapiga akodioni ya babu yake. Mama Wakonyo, pamoja na uzee wake, amekataa kusaidiwa, na viazi vya mukimo vimeshamenywa huko nyuma jikoni. Kabla pazia halijafunguliwa, Stephen Gachau atasimama mbele ya watu peke yake, yeye ambaye katika karibu miaka thelathini na mitano ya ndoa mke wake hakumsikia akiimba hata wimbo wa kanisani, na ataimba kwa nini amechelewa. Tunaomba mtu yeyote asicheke, na tunaomba mtu yeyote asimsaidie.

Marehemu ameacha mume wake Stephen Gachau Macharia, mama mkwe wake Mama Wakonyo, watoto wake Becky Wakonyo, Macharia na Lynn Apiyo, wajukuu wawili, kaka na dada zake waliosafiri kutoka Ugenya na Ruiru, wifi yake Nyawira, aliyempenda na ambaye hakumwambia hivyo mara za kutosha, na waimbaji wote wa Chama cha Michezo ya Kuimba cha Thika na Ruiru, ambao wamesimama pale upande wa kushoto na bado hawajui ni nani atakayewakemea wakikosea noti.

Dorine Awiti apumzike kwa amani. Kamba imeshikwa.