Treni ya Rangi ya Chungwa Haiji Zuzu

Sogeeni karibu, wanangu, sauti yangu haifiki tena mlangoni. Cecilia, rudishia mlango, na wewe Frida tazama kama hakuna mtu dirishani, maana siku hizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe hapa Kizota nazungumza kama mgeni. Kefa, kaa pale ninapouona uso wako. Nisikilizeni mpaka mwisho, kwani mkinikatiza sitamaliza.

Mnajua kwamba mwaka wa sabini na nne nilipelekwa Japani kujifunza umeme wa mabehewa. Kila asubuhi nilipanda treni ya rangi ya chungwa na mwalimu wangu, Bwana Okabe, tumebanwa hata mikono haishuki. Aliniambia kwamba treni za aina ile zilizaliwa miaka ya hamsini, Tokyo ilipofurika wafanyakazi, zikapewa milango minne kila ubavu ili watu wamwagike upesi, na baadaye kila njia ikawa na rangi yake. Mwanzoni walitaka kila behewa liwe na mota zake, treni ing'oke kwa kasi, lakini umeme wa njia haukutosha, ikabidi wachanganye na mabehewa yasiyo na mota. Nilipokuwa kule zilikuwa bado zina heshima. Halafu zikaja mpya, zile zikasukumwa njia za pembeni, na mwaka juzi Okabe alinitumia salamu kwamba nyingi zimekwisha kukatwa vyuma chakavu. Nilihuzunika kama mtu aliyefiwa na jirani wa zamani.

Ndipo akaja Fulgence, mtoto wa marehemu dada yangu, ambaye tangu biashara zifunguliwe kila akienda Dar es Salaam anarudi na koti jipya na maneno mapya.

"Mjomba, Wajapani wametupatia zile treni zako," alisema. "Zitabeba wanafunzi na wafanyakazi wa Bunge mpaka Zuzu. Tunahitaji shamba lako la huko kando ya reli tujenge kituo."

"Zitatumia umeme gani? Zuzu hata taa hakuna."

"Zitavutwa na injini ya dizeli, mjomba."

Jibu halikuwa baya, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi, kwamba alikuwa amelitayarisha. Nilipomuuliza ni nani serikalini anayeshughulikia jambo hilo, alitazama saa yake. Nilipomuuliza kituo kinataka shamba zima la nini, aliniambia niache mawazo ya zamani. Sikutia sahihi. Alipoondoka nikaona kwamba picha yangu na Okabe, tuliyopiga mbele ya ile treni, haipo ukutani, na Fulgence hakuinuka kitini hata mara moja. Basi picha ilikuwa imetolewa na mkono wa humu ndani.

Tangu siku ile sikumwamini hata mmoja wenu, nawaambia wazi. Frida, ulipoleta dawa niliinusa kwanza. Cecilia, uliponong'ona na mumeo uani nilijifanya nimelala. Ugonjwa unauma, lakini kuwatazama watoto wako mmoja mmoja ukimtafuta mwizi kunauma zaidi.

Jumapili, mlipokuwa kanisani, alikuja Sidonia, yule mjane wa Zuzu tuliyepakana naye mashamba tangu mama yenu yu hai. Alikataa kuketi.

"Baba Cecilia, treni yako inakuja lini?"

Akanieleza kwamba Fulgence alimwonyesha picha yangu, akamwambia kuwa mimi mwenyewe niliipanda treni ile na shamba langu nimekwisha kulitoa, naye akatia dole gumba kwenye karatasi ya kutoa lake. Sasa kuna mtu mwenye gari jeupe ameweka mawe ya mpaka na kumkataza asipande uwele, akisema ameinunua ardhi ile kwa Fulgence ajenge ghala. Nikamuuliza Sidonia kwamba Fulgence alifika kwake na nani. Akatazama chini.

"Alikuja na Kefa. Ndiyo maana niliamini."

Usiinuke, Kefa. Sikuulizi ulipewa nini. Labda nawe ulidanganywa, labda hukudanganywa. Uso wako nimeutazama siku zote hizi na bado sijaujua. Ninachojua ni kwamba Sidonia aliuamini kwa sababu unafanana na wangu.

Sasa shikeni haya. Shamba la Zuzu lisiuzwe wala lisigawanywe. Mtalilima ninyi watatu, na Sidonia apande uwele wake humo mpaka arudishiwe lake. Nyumba hii ni ya Frida, aliyeniuguza hata nilipomshuku. Fulgence msimpige, lakini asikanyage matanga yangu kabla hajasimama na Sidonia mbele ya wazee wa kijiji. Na wewe Kefa, leo hii utakwenda Zuzu, uwaambie Sidonia na majirani wote kwa kinywa chako kwamba hakuna treni inayokuja, kisha uwe shahidi wake dhidi ya binamu yako. Cecilia, fuatana naye. Usitangulie. Tembea nyuma yake, umwone.

Maji... Asante, Frida.

Mungu awafunike, Cecilia na Frida. Awape usingizi usio na mashaka, ambao mimi... nimeukosa. Baraka yako, Kefa, sijakunyima. Ninayo. Ukirudi utaichukua. Ukinikuta nimenyamaza, Cecilia atakupa... akiwa amekusikia ukisema. Nendeni, jua linapanda. Kefa... mwanangu... nenda.